Jina Nililofanyia Mtihani

Awino nyathina, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga nyanya yako, na ninamjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala. Hiyo inanipa saa mbili hivi. Sanduku lako limefungwa. Mimi nimeketi hapa mezani na karatasi za ofisi zilizoharibika upande mmoja, kwa hivyo usishangae ukigeuza ukakuta orodha ya mafaili.

Mambo ya kufua, ya kupika na ya kulala mapema sitayaandika. Nimekwambia hayo mpaka ukaniiga mbele ya wenzako, nilikusikia. Mambo ya kanisa pia nayaacha, kwa sababu ukimaliza kusoma barua hii sijui kama utataka kusikia habari za Mungu kutoka kwangu. Ninataka kukuandikia habari za shule yangu. Umeniuliza mara nyingi, na kila mara nilikupa hadithi ile ya kupaka darasa kinyesi cha ng'ombe siku ya Ijumaa, wasichana tumeinama na wavulana wanachota maji, ukacheka, nami nikaishia hapo. Hadithi hiyo ni ya kweli. Ni zile zingine ambazo sikukupa.

Nianze na lililo gumu nisije nikalizunguka. Mimi si Apiyo. Jina lililo kwa kitambulisho changu, kwa vyeti vyangu na kwa barua yangu ya kazi si langu. Nilizaliwa mvua ikinyesha nikaitwa Akoth, mtoto wa Owuor. Umemsikia nyanya yako akiniita Akoth ukadhani ni jina la nyumbani tu. Kwetu mtu ana majina matatu, manne, na hakuna anayeuliza lipi limeandikwa wapi. Kesho ukishaondoka nitaenda Homa Bay, kwa ofisi ya wafanyakazi wa kaunti, kuwaambia hivyo. Nikiwaambia, kazi itaisha, na unajua ni kazi hiyo inayokupeleka chuoni. Nimeona haifai uanze chuo bila kujua.

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa darasa la nane, nilianguka. Wiki hiyo nilikuwa na malaria, herufi zinanichezea kwa karatasi kama sisimizi. Baba hakutaka kusikia habari ya malaria. Alisema wengine pia waliumwa na mbu. Na kurudia darasa kulikuwa kumekatazwa. Jina likishafanya mtihani, halikuruhusiwa kuandikishwa tena. Lakini watu walikuwa na njia yao, na kila mtu aliijua, kuanzia walimu mpaka mama wa sokoni. Unatafuta mtoto aliyeandikishwa mwanzo wa mwaka kisha akaacha shule, halafu unaingia kwa jina lake. Siku hizo fomu za mtihani hazikuwa na picha.

Kwa hivyo nilirudi darasa la nane nikakaa nyuma kabisa, mgeni asiye kwa rejista, nikisubiri mtu aache shule. Hebu fikiria hilo. Kila asubuhi rejista ikisomwa, nilikuwa nasikiliza ni nani hajaitika.

Darasani mle kulikuwa na pacha, watoto wa Oduor. Unajua jinsi sisi tunavyowaita pacha wasichana, hawachaguliwi majina: aliyetoka kwanza ni Apiyo, aliyemfuata ni Adongo. Walikuwa na sweta moja. Leo anavaa huyu, kesho yule, na asiye na sweta anasimama upande wa jua wakati wa gwaride. Apiyo alikuwa mtulivu, mkali wa Hesabu. Adongo alikuwa mkali wa mdomo.

Muhula wa pili nyanya yao aliyekuwa kisiwani Takawiri alipoteza macho. Mtu alihitajika kwenda kumpikia na kumshika mkono, na aliyetumwa ni Apiyo. Adongo alituambia alichosema baba yao: Mungu alinipa wawili wa aina moja, mmoja anaweza kutoka na nyumba isione pengo. Apiyo alibeba vitabu vyake. Waliahidiana kwamba wiki ya mtihani atakuja, afanye, arudi.

Haikupita hata wiki tatu, mwalimu mkuu akamwita baba. Mimi nilisimama nje kando ya mlango.

"Mzee Owuor," akasema, "mimi nina jina halina mtoto, na wewe una mtoto hana jina."

"Jina la nani?"

"La yule wa Oduor aliyeenda kisiwani."

"Si wanasema atarudi?"

"Nani atamwachilia? Kipofu ataachwa na nani?"

Nilikuwa naona magoti ya baba tu na kofia, anaizungusha.

"Oduor anajua?"

"Oduor niachie mimi. Wewe niambie kama unataka msichana afanye mtihani ama akae nyumbani akusubirie ng'ombe za mahari."

"Na akifaulu, Mwalimu, huko mbele ataitwa nani?"

"Mzee, kwanza afaulu."

Tulirudi nyumbani. Kwa mlango wa boma ndipo akaniambia bila kunitazama, "Kuanzia kesho ukiitwa Apiyo, itika." Ni hayo tu. Mpaka anakufa hatukuyazungumza tena. Nilipokuwa nakua nilimlaumu, nikasema ni yeye aliyeniuza. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, na ninaona kitu kingine. Alikuwa amekubali binti yake asomeke kwa karatasi kama mtoto wa mwanamume mwingine. Kwa serikali, baba yangu hakuwa na mtoto aliyesoma. Akoth wa Owuor ako huko kwa makabati mpaka leo, na kilichoandikwa mbele yake ni kwamba alianguka.

Mwalimu mkuu alinifanyisha mazoezi. Anaingia darasani ghafla, anaita, "Apiyo." Naitika, watoto wanacheka. Adongo alikuwa hacheki wala hageuki. Siku moja tulipokuwa tunapaka darasa, amejipaka mpaka kwa viwiko, akaniambia bila kuinua kichwa:

"Ukianguka, atakayeandikwa ameanguka ni dada yangu."

"Sitaanguka," nikasema.

"Ndiyo. Na ukifaulu, hutakumbuka lilikuwa la nani."

Nilimwona ana wivu. Niliomba Mungu amlainishe moyo. Nilikuwa mtoto wa kuomba sana, Awino, hilo hukurithi kwa baba yako. Lakini hebu ona nilichokuwa naomba.

Siku ya kwanza ya mtihani msimamizi alikuja kutoka mbali, na askari wake. Tuliketi kwa mpangilio wa namba. Adongo alikuwa mbele yangu, karibu mno nikaweza kuona uzi uliotoka kwa kola yake. Asubuhi ilikuwa Hesabu. Niliandika jina juu ya karatasi bila kusita. Nilijivunia hilo.

Wakati wa mapumziko tulipanga foleni kwa tangi la maji. Nikasikia Adongo anasema nyuma yangu, "Huyu hapa. Ndiye wewe."

Nikageuka. Apiyo alikuwa amesimama hapo na sare ya shule, sketi imelowa mpaka kwa magoti. Ziwa lilikuwa limechafuka, boti zimekaa siku mbili haziondoki, wamevuka asubuhi ile, na kutoka Mbita alikuwa amebebwa na lori la mchanga halafu akatembea. Alikuwa na kalamu mbili mkononi na rula. Nilingoja anitukane. Adongo pia alikuwa anangoja.

Apiyo akaniangalia, akaniuliza, "Ile hesabu ya tangi la maji ilikuja?"

"Ilikuja."

"Yenye linajaa na linatoboka?"

"Hiyo."

Akatikisa kichwa. "Hiyo naijua," akasema.

Basi. Alikuwa amesoma kisiwani, mwenyewe, akigeuza samaki juani, na alitaka tu kujua kama alisoma kilichokuja. Halafu akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakukaa. Alipotoka alipita karibu na sisi, akampa Adongo zile kalamu, akasema ameambiwa ameandikwa kwamba alihama, huku jina lake liko juu ya karatasi yangu. Kengele ikalia.

Alasiri ilikuwa insha. Kulikuwa na siku tatu za mtihani, nyathina, na tulikuwa tumefanya karatasi moja tu. Ningeinua mkono. Ningetoka nje nikamwambia msimamizi kwamba yule msichana aliye nyuma ya ua wa shule ndiye mwenye kiti hiki. Labda wangetufukuza wote. Labda mwalimu mkuu angefungwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba kutoka dirishani nilimwona amesimama nje ya ua, anatazama madirisha ya darasa, na nilichofanya ni kuinamisha kichwa nikaomba. Niliomba Mungu amwondoe pale. Nilipoinua kichwa, hakuwepo. Watu wakitoa ushuhuda kanisani kuhusu ombi lao la kwanza kujibiwa, mimi hukaa kimya. Hilo ndilo langu.

Nilifaulu. Barua ya kuitwa shule ya upili ilikuja kwa jina la Apiyo, na kila karatasi iliyofuata ikashika ile ya nyuma yake, cheti kikazaa kitambulisho, kitambulisho kikazaa kazi. Nilimaliza kidato cha nne nikapata ukarani katika lile baraza la zamani, kabla ya kaunti, huko Migori. Nilipenda Migori kwa sababu hakuna aliyenijua. Mjini kuna watu wa kila aina, Wakuria, Wasomali wenye maduka, watu wa kutoka upande wa mpaka, nikadhani hapo jina ni jina tu.

Lakini ofisi ilijaa Wajaluo, na nilikuwa nimeiba jina lisilokaa peke yake. Mjaluo akiambiwa unaitwa Apiyo hakuulizi unatoka wapi. Anakuuliza, "Adongo wako yuko wapi?" Anakuuliza akitabasamu, ni salamu tu. Siku ya kwanza kazini niliulizwa mara nne. Wa kwanza nilimwambia yuko nyumbani. Akaanza: ameolewa wapi, anafanana na wewe, atakuja lini tumwone. Kufikia wa nne nilikuwa nimechoka, nikasema, "Alikufa tukiwa wadogo." Uso wake ukabadilika, akanipa pole, akanyamaza. Nikaona hiyo inafanya kazi. Baadaye nikaongeza na ugonjwa. Surua.

Kwetu unajua kumtamkia mtu aliye hai kifo ni kumlaani. Nilifundishwa hivyo nikiwa mdogo, na kanisani nikafundishwa kwamba ni uongo kama uongo mwingine. Nilichagua mafundisho ya kanisa hapo, kwa sababu yalikuwa na toba ya haraka.

Baba yako nilimwambia kabla hajanioa. Alisema, "Mimi naoa mtu, sioi karatasi." Nilimpenda kwa neno hilo. Sasa naona lilinipa ruhusa ya kulala miaka mingi. Wewe nawe tulikulisha uongo huo. Ukiwa darasa la tano uliandika insha kuhusu mama mdogo Adongo aliyekufa na surua hata hukumwona. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Ulikuja nayo nyumbani unakimbia, na mimi niliisoma nikiwa nimesimama hapa hapa, nikakwambia umeandika vizuri. Katika yote niliyokukosea, hilo ndilo linanirudia nikiwa napiga magoti.

Alipofariki baba yako niliomba uhamisho nirudi Rangwe, karibu na nyanya yako. Nilijiambia yamepita. Nikawekwa chumba cha mafaili, na hapo unanijua: mama wa masjala, anayejua faili la kila mtu liko rafu gani. Kanisani naitwa Mama Awino. Ulidhani napenda kuitwa hivyo kwa sababu ya kukupenda. Nakupenda, lakini pia hilo ndilo jina pekee nililoweza kuitikia bila kudanganya.

Sasa nikupe yaliyotokea mwezi uliopita, halafu nitanyamaza.

Nilikuwa ndani naweka mafaili, nikamsikia Ouma wa meza ya mbele, unamjua, yule hanyamazi. "Mama Awino, toka uone. Mgeni wako huyu anasema anamtafuta Apiyo Oduor."

"Ndiye mimi," nikasema nikitoka. Nilisema tu kama ninavyosema kila siku.

Mwanamke aliyesimama kwa kaunta alikuwa na kitambaa kichwani na mfuko wa plastiki wa karatasi. Alinitazama kwa muda. Mikono yake ilikuwa imekauka na kupasuka, ya mtu wa dagaa na chumvi. Hakuinua sauti.

"Sawa," akasema. "Na mimi ndiye."

Ouma akafurahi. "Kumbe mko wawili. Leo chai ni mara mbili. Na wewe mama, una Adongo pia?"

"Ninaye. Yuko Rodi Kopany, anauza viazi."

"Afadhali wewe. Huyu wetu alifiwa na wake."

Akanigeukia. Alinijua, Awino. Nilikuwa nimenenepa na nimevaa miwani, lakini alinijua tangu nilipotoka mlangoni, niliona.

"Alikufa?" akaniuliza. "Na nini?"

Ouma alikuwa amesimama hapo na kalamu yake mdomoni, anasubiri. Mdomo wangu ukasema, "Surua."

"Pole sana, dada," akasema.

Hakulisema kwa kejeli. Ningepata nafuu kama angelisema kwa kejeli.

Ouma alipoitwa nje, akaniambia shida yake. Nyanya yule alikufa zamani. Yeye aliolewa huko huko kisiwani, mume akafariki, na sasa amerudi kukaa na Adongo. Kaunti ilikuwa inatafuta mama wa kusaidia watoto katika shule ya chekechea karibu na hapo, kuwapikia uji na kuwaangalia. Sharti lilikuwa moja, karatasi ya kuonyesha ulifika darasa la nane. Alikwenda shule yetu ya zamani. Mwalimu wa sasa, kijana, akafungua rejista akamwambia, mama, wewe ulifanya mtihani, ulifaulu, uliitwa shule ya upili, na cheti ulichukua, hakitolewi mara mbili, sahihi yako hii hapa.

"Nikaiangalia," akasema. "Una mwandiko mzuri."

Nikavua miwani nikaifuta.

"Sikuja kukutoa kwa kiti," akasema. "Mimi sijui hata kiti chenyewe. Nisaidie tu na barua. Sema unanijua, sema tulisoma pamoja mpaka la nane. Una mhuri. Wanataka kabla ya mwisho wa mwezi."

Ilikuwa barua ya mistari mitatu. Lakini kuiandika kungemaanisha Apiyo Oduor ashuhudie kwa sahihi kwamba alisoma na Apiyo Oduor, mtoto wa Oduor yule yule, mwaka ule ule. Mtu mmoja akiziweka karatasi hizo pamoja, nimekwisha. Nikafanya tunachofanya ofisini mtu akitaka kitu ambacho hatutaki kumpa na hatutaki kumnyima. Nikamwambia, "Njoo Jumanne."

Nimesema maneno hayo kwa watu wangapi, Mungu ndiye anajua. Wajane, wazee wa mashamba, vijana wa vibarua. Ni maneno ya adabu. Mtu anasema asante, anarudi kwao, anatafuta tena njia ya kuja. Nilijifunza kwa wakubwa wangu huko Migori na nikawafundisha walionifuata. Ukiwa huko uendako, ukivaa ile sare nyeupe ya uuguzi, wagonjwa watasimama mbele yako wakitaka kitu, na utakuwa umechoka. Kama huwezi kumsaidia mtu, mwambie siwezi. Atalia, atakutukana, lakini atakwenda kutafuta mlango mwingine siku zikiwa bado ziko.

Jumanne alikuja. Nikamwambia faili halionekani, tunalitafuta. Jumanne ya pili nilimwona dirishani anavuka uwanja, nikaingia nyuma ya rafu. Nikasikia Ouma akimwambia niko mkutanoni. Nikasikia anasema, "Si neno, nitakaa." Alikaa kwa benchi mpaka saa saba. Mimi nilisimama nyuma ya rafu ile, mtu mzima, mzee wa kanisa, na nilijikuta naomba. Nilikuwa nimefika katikati ya ombi ndipo nikatambua maneno. Nilikuwa naomba aondoke.

Lakini sikutoka. Nataka ujue hilo. Watu wakisimulia mambo kama haya husema hapo ndipo walipogeuka. Mimi nilitambua nilichokuwa nafanya, na nikaendelea kukifanya, mpaka akaondoka.

Jumanne ya tatu hakuja. Mwisho wa mwezi ukapita. Orodha ya waliochukuliwa ililetwa kwangu niiweke kwa faili, na nikaiweka. Jina lake halikuwepo, mtu mwingine amepata.

Jumapili nilikwambia naenda kumwona mgonjwa. Nilienda Rodi Kopany. Adongo sikuhangaika kumpata. Amekaa na rundo la viazi na mwavuli uliopasuka, na mdomo ule ule. Aliniona nikiwa mbali akanitazama mpaka nikafika.

"Karibu," akasema. "Marehemu akuuzie vya ngapi?"

Wanawake wa kando wakacheka bila kujua wanacheka nini. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, yeye na dada yake. Akasema dada yake amerudi Takawiri, amekata tamaa na mambo ya ofisi, ameenda kutafuta kazi ya kuanika dagaa za watu.

"Nitamfuata huko," nikasema.

"Umfuate umpe nini?"

Nikaokota kiazi kilichoanguka nikamrudishia.

"Nikwambie kitu," akasema, anapanga viazi, kikubwa juu, kidogo chini. "Matokeo yalipotoka mwaka ule nilienda kumwambia kisiwani. Nilitaka alie, tulie pamoja. Unajua alisema nini? Alisema, afadhali jina halikuanguka. Mimi nikamchukia siku hiyo kuliko nilivyokuchukia wewe."

Nilianza kulia hapo sokoni. Akaniambia, "Futa macho, watu watadhani nimekuuzia vibovu."

"Adongo, niambie nifanye nini."

"Mimi si kanisa," akasema. "Usije kwangu utoke umepona. Enda mahali uliandika, ukafute huko. Halafu ukae na chochote watakachokupa."

Hakunipa mkono. Alinipimia viazi, ndivyo ulivyokula Jumatatu ukasema ni vitamu.

Barua nimeiandika, iko kwa bahasha. Nimeeleza yote na nimetaja jina langu la kuzaliwa na la baba yangu. Nimeomba Apiyo apewe karatasi ya kuonyesha alifika darasa la nane, ili kama nafasi nyingine itatokea asirudi mikono mitupu. Ile ya kwanza haiwezi kurudi. Nimechelewa, na sitaki umwambie mtu yeyote kwamba mama yako ni jasiri. Mtu jasiri angetoka nyuma ya rafu. Mimi nasema sasa wakati ambapo kusema kwangu hakumpi mtu chochote, isipokuwa shida kwako.

Sijui watanifanya nini. Wanaweza kunifuta kazi tu, wanaweza kunipeleka kortini. Muhula wako wa kwanza umelipiwa na hakuna atakayeutoa. Wa pili siuoni vizuri. Nyanya yako anajua, nilimwambia jana, na alichosema ni kwamba baba alikuwa akiamka asubuhi akiita jina langu peke yake huko zizini, Akoth, Akoth, kama anayejizoeza asilisahau. Sikujua hilo. Ningetaka kulijua nikiwa na umri wako.

Ukikasirika, kasirika. Usipige simu kunifariji, utakuwa unadanganya na nitasikia. Nichukie mimi ukitaka, lakini mwanamke yule usimguse hata kwa mawazo, usije ukalala siku moja huko ukisema angekaa kisiwani kwake mambo yangekuwa sawa. Nimelala na wazo hilo maisha yangu yote. Linakuja taratibu na linaongea kwa adabu sana.

Kuna jambo moja tu ninalokuomba. Fomu zako za chuo zimejazwa jina la mama ambalo baada ya kesho litakuwa na swali. Siku moja utaitwa ofisini. Mtu atakuwa ameketi na faili lako wazi, na atakuuliza kwa upole, maana watakuhurumia, wewe ni mtoto, kama ulikuwa unajua. Ukisema hujui, watafunga faili na utarudi darasani. Ni rahisi hivyo. Nilishuhudia watoto wengi wakifanya hivyo mbele ya kaunta yangu na sikuwalaumu.

Wewe usiseme hujui. Ndiyo sababu nimekuandikia leo, badala ya kungoja usikie kwa watu. Sema unajua, sema umejua tangu siku uliyotoka nyumbani, na uwaachie waamue.

Nasikia sauti yako huko njiani unaongea na mbwa. Naifunga barua hapa. Nitaiweka kwa sanduku lako, chini ya nguo, utaikuta huko.

Mama yako